Mlima Rungwe katika Sentimita Tano

Chukua mkato wa nchi kutoka bandari ya Itungi, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, hadi kilele cha Mlima Rungwe. Uso wa ziwa uko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko takribani mita 2,960. Kwa mstari ulionyooka, bila kufuata kona za barabara, kati ya sehemu hizo mbili kuna kama kilomita 60. Ni takwimu nzuri za kumpa mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa mkato huo anaujua kwa mwili wake: ukiwa Tukuyu umevaa sweta na umezungukwa na chai na migomba, ukishuka Kyela umelivua na uko kwenye mpunga na kakao.

Sasa uchore. Karatasi ya A4 ikiondolewa pambizo inabaki na upana wa kama sentimita 16. Tuupe mchoro wetu sentimita 12. Kilomita 60 ndani ya sentimita 12 ni kilomita 5 kwa kila sentimita, yaani skeli ya 1:500,000. Kwa skeli hiyohiyo, mwinuko wote wa mita 2,485 kutoka ziwani hadi kileleni unakuwa nusu sentimita. Mlima unaoonekana kutoka kila upande wa wilaya unageuka kuwa kijivimbe juu ya mstari, na hakuna mahali pa kuandika hata jina lake.

Wachora ramani walilitatua jambo hili zamani kwa kutumia skeli mbili katika mchoro mmoja. Ya mlalo tunaiacha sentimita moja kwa kilomita 5. Ya wima tunaifanya sentimita moja kwa nusu kilomita. Mlima unapata sentimita tano na mchoro unasomeka. Huo ndio ukuzaji wa wima, na hapa ni wa mara 10. Gharama yake lazima iandikwe chini ya mchoro, kwa sababu pembe zimebadilika. Mteremko wa wastani kutoka kileleni hadi ziwani ni kama nyuzi 2.4, lakini mwanafunzi atakayeweka protaktari kwenye mchoro atasoma kama nyuzi 22. Ikiwa ukuzaji huo haukuandikwa, mchoro umemdanganya mtoto, na atakachokosea hapo si kosa lake.

Kufikia hapa ni hesabu tupu. Tatizo ninalotaka kulizungumzia linaanza pale mchoro unapoingia ndani ya waraka uliopangwa kwa chapa: mtihani wa muhula, kitini, tasnifu, kitabu. Mchoro wa hesabu una vitu viwili vyenye tabia zinazopingana. Kuna umbo, yaani mistari, pembe, miduara na nukta. Hilo linakubali kukuzwa na kupunguzwa kwa sababu maana yake iko katika uwiano. Na kuna maandishi: herufi za vipeo, vipimo, majina ya mihimili. Maandishi hayana uwiano wowote wa kulinda. Kazi yake ni kusomwa na jicho la binadamu, na jicho halibadiliki mchoro ukipunguzwa. Kanuni yangu ni kwamba umbo likuzwe au lipunguzwe kadiri inavyohitajika, na maandishi yabaki na ukubwa wa maandishi mengine ya ukurasa.

Kanuni hiyo inavunjwa kila siku, na sababu yake ni ya kihistoria kuliko ya uzembe. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kutengeneza TeX mwaka 1977, baada ya kutoridhishwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa kwa mitambo mipya ya wakati ule. TeX ilipanga maandishi na fomula kwa ubora ambao haujazidiwa hadi leo, lakini haikuwa programu ya kuchora. Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake miaka ya 1980, na wanahisabati wa dunia nzima wakaifuata. Michoro ilitoka kwingine. Mtu alichora katika programu moja, akahifadhi picha, kisha akaiingiza kwenye waraka na kuibana hadi itoshe. Herufi zilizokuwa ndani ya picha zikabanwa pamoja na mistari. Wanaotumia Word wako katika hali hiyohiyo, pamoja na maradhi ya pili yaliyo kinyume chake: ukikusanya maumbo na visanduku vya maandishi kuwa kundi moja, kisha ukaburuta kona, maumbo hupungua lakini herufi zinabaki vilevile, visanduku vinakuwa vidogo kuliko maneno yaliyomo, na nusu ya neno inapotea.

Nitafafanua kwa kutumia TikZ, maktaba ya kuchora iliyoandikwa na Till Tantau wa Ujerumani, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi leo na watu wa LaTeX. Kwa mkato wetu wa Itungi hadi Rungwe, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuchora kwa skeli moja, kisha kuunyoosha kwa amri ya \resizebox ili upate kimo unachotaka. Ya pili ni kuiambia TikZ mwanzoni kabisa kwamba kipimo kimoja cha mlalo ni x=0.2cm na kimoja cha wima ni y=2cm, halafu ukaandika kila nukta kwa kilomita halisi: ziwa liko kwenye 0 na 0.475, kilele kiko kwenye 60 na 2.96.

Mistari ya njia zote mbili inapita palepale. Maandishi ndiyo yanayotofautiana. Katika njia ya kwanza, jina "Rungwe" limevutwa juu mara kumi na limekuwa refu kama nguzo. Katika njia ya pili, TikZ imekuza namba za nukta tu. Neno limewekwa baadaye, kwa fonti na ukubwa wa waraka wenyewe, kana kwamba limeandikwa ndani ya aya. Ndivyo inavyofanya pia ukiandika scale=0.5: nukta zinakaribiana, herufi hazibadiliki. Kuna amri ya kulazimisha herufi nazo zifuate, inayoitwa transform shape, na ina mahali pake, lakini anayeitumia awe ameamua, si kwa kuwa ameiona kwenye mfano wa mtu mwingine.

Tahadhari moja kuhusu vipimo viwili tofauti vya mlalo na wima. Duara lenye nusukipenyo kisicho na kizio, mathalani 1, litafuata vipimo hivyo na kuwa duaradufu. Likiandikwa 1cm litabaki duara. Alama ya nukta kwenye kilele iandikwe kwa milimita, la sivyo itakuwa yai lililosimama.

Kuweka lebo ni kazi ngumu kuliko kukuza, na hapa ndipo ninapoona michoro mingi ikiharibika baada ya kila kitu kingine kufanywa vizuri. Tuseme umeandika jina la kilele kwa kulipa nukta yake mwenyewe, juu kidogo ya kilele, labda kwenye 60 na 3.1. Kwa ukubwa wa kwanza inapendeza. Unapunguza mchoro hadi nusu ili uingie pembeni mwa swali. Nafasi kati ya mstari na neno imepungua nusu, neno lenyewe halijapungua, na sasa mstari wa mlima unapita katikati ya herufi. Wengi wakiona hivyo huanza kusogeza lebo moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na mchoro ukibadilika ukubwa tena wanaanza upya.

Dawa ni kuifunga lebo kwenye nukta yake badala ya kuipa nukta nyingine. Iambie TikZ: neno hili ni la kilele, likae juu yake, umbali wa milimita moja. Umbali huo umeandikwa kwa milimita za karatasi, si kwa kilomita za mchoro, kwa hiyo haubadiliki ukipunguza umbo. TikZ ina maneno ya above, below, left na right kwa kazi hiyo. Kwa pembetatu, lebo ya kipeo ikae nje, upande uliokabiliana na mstari unaoigawa pembe ile katikati. Hapo ndipo penye uwazi mkubwa zaidi kila wakati. Lebo ya urefu wa upande ikae katikati ya upande, nje ya umbo, isipokuwa kama nje kuna mchoro mwingine unaoigusa.

Maneno ya Kiswahili yanahitaji nafasi. Mhimili wa mlalo wa mkato wetu unaitwa "Umbali kutoka Itungi (km)" na wa wima "Kimo kutoka usawa wa bahari (m)". Kwa maandishi ya pointi 10, jina hilo la pili likisimamishwa wima kando ya mhimili linachukua zaidi ya sentimita tano, yaani linaupita mlima wenyewe. Afadhali lifupishwe liwe "Kimo (m)", na usawa wa bahari utajwe kwenye maelezo chini ya mchoro. Kupunguza ukubwa wa herufi ili neno litoshe ni kurudi kulekule tulikotoka.

Lipo pia suala la mlazo na wima wa herufi. Katika hesabu, herufi inayosimama badala ya kipimo au nukta huandikwa kwa mlazo, na vizio kama cm na km huandikwa wima. Lebo ya kipeo A katika mchoro ifanane na A iliyo ndani ya swali; ikiwa moja ni ya mlazo na nyingine imenyooka, mwanafunzi makini ana haki ya kuuliza kama ni vitu viwili. Na neno zima la Kiswahili lisiwekwe katika hali ya fomula. Ukiandika kimo kati ya alama za dola, TeX inaamini ni k mara i mara m mara o, na itaachanisha herufi ipasavyo.

Turudi kwenye ukubwa, kwa namba. Pointi moja ya TeX ni takribani milimita 0.35. Maandishi ya pointi 10 yana vijinamba vya chini vya pointi 7, na vijinamba vya vijinamba vya pointi 5. Ukibana picha yenye lebo ya namna hiyo hadi nusu, kijinamba cha pointi 7 kinakuwa cha pointi 3.5, na tarakimu yenyewe inakuwa na kimo cha kama milimita 0.8. Unene wa kawaida wa mstari wa TikZ ni pointi 0.4, yaani milimita 0.14. Mashine ya kudurufu yenye nukta 300 kwa inchi huchapa nukta yenye upana wa milimita 0.085. Mstari mzima unapata nukta moja na zaidi. Ukibanwa nusu haufikishi hata nukta moja, na ndipo unapokatikakatika kwenye nakala, hasa mistari ya vipandevipande ambayo ilikusudiwa kuonyesha kingo zilizofichika za mchemraba.

Herufi ndogo nzuri wala si herufi kubwa iliyobanwa. Knuth alipotengeneza fonti yake ya Computer Modern, aliichora mara nyingi: kuna herufi za pointi 5, 6, 7, 8, 9, 10, 12 na 17, kila moja na mchoro wake. Ile ya pointi 5 ina mistari minene zaidi kwa kulinganisha na kimo chake, na imeachanishwa zaidi, ili jicho liishike. Ukichukua herufi ya pointi 10 ukaibana hadi 5 unapata kitu chembamba na kilichosongamana. Ndiyo maana lebo iliyopangwa na TeX yenyewe husomeka hata ikiwa ndogo, ilhali lebo ya ukubwa uleule iliyotokana na picha iliyobanwa hufifia.

Kosa jingine lina sura ya unadhifu. Mwandishi anaamua kwamba kila mchoro wake uwe na upana sawa, tuseme sentimita 15. Pembetatu iliyochorwa kwa sentimita 6 inakuzwa mara 2.5, mkato uliochorwa kwa sentimita 12 unakuzwa mara 1.25. Herufi zilizokuwa pointi 10 katika zote mbili sasa ni pointi 25 katika mmoja na 12.5 katika mwingine. Kurasa zinapiga kelele hapa na kunong'ona pale. Mchoro uchorwe kwa ukubwa ambao utachapwa. Pembetatu ya sentimita 6 iachwe na sentimita 6 zake, na nafasi nyeupe pembeni yake si hasara.

Wanaotumia GeoGebra, programu aliyoianzisha Markus Hohenwarter akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg mwaka 2001, wana njia ya mkato: inaweza kutoa mchoro kama maandishi ya TikZ badala ya picha. Inkscape nayo huweza kutoa umbo katika faili moja na maandishi katika faili la pili litakalopangwa na LaTeX. Zote mbili zinatenganisha umbo na maandishi. Kisichofaa ni kuupiga mchoro picha kwa simu na kuutuma kwa WhatsApp hadi steshenari. Picha inayofika na pikseli 600 za upana, ikichapwa kwa sentimita 15, ina pikseli kama 100 tu kwa kila inchi. Mtaalamu yeyote wa steshenari, hata awe na printa nzuri namna gani, hawezi kuzirudisha pikseli zilizopotea.

Ramani ndizo zinazoumia zaidi. Ramani za topografia zinazotumiwa kufundishia kusoma ramani katika sekondari zetu huwa za skeli ya 1:50,000. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kasoko lake kwenye safu ya Uporoto, lina urefu wa takribani kilomita 2.5, kwenye ramani hiyo ni sentimita 5. Mwalimu anatoa kopi ya ukurasa wa A4 kwenye A5 ili kubana karatasi, na mashine inapunguza hadi asilimia 71. Ziwa sasa ni sentimita 3.5. Lakini chini ya ramani bado pameandikwa 1:50,000, na mwanafunzi anayejua kazi yake atapima, atazidisha, na atapata kilomita 1.75. Akiulizwa eneo la ziwa atapata nusu ya eneo la kweli. Skeli halisi ya kopi ile ni kama 1:70,700, na hakuna aliyeiandika. Swali la uelekeo pekee ndilo litakalookoka, kwa kuwa pembe hazibadiliki pande zote zikipunguzwa kwa kiasi kimoja.

Skeli ya mstari haina tatizo hilo. Kijimstari kilichogawanywa kwa kilomita hupungua pamoja na ramani na hubaki na ukweli wake kwenye kopi ya kopi. Kwa hiyo kwenye waraka wowote ambao mtu mwingine anaweza kuutoa kopi, na kwa shule zetu hiyo ni kila waraka, skeli ya mstari iwemo ndani ya mchoro, na skeli ya uwiano ikiandikwa iambatane na ukubwa wa karatasi: 1:50,000 kwenye A4.

Uchapaji wenyewe pia hubadilisha ukubwa bila kuaga. Waraka wa kawaida wa LaTeX, usipoandika a4paper, mara nyingi hudhani karatasi ni ile ya Kimarekani, yenye urefu wa milimita 279 badala ya 297. Printa nayo ikidhani hivyohivyo, na ikiwekwa katika hali ya kutosheleza ukurasa wa A4 ndani ya karatasi hiyo, itapunguza kila kitu hadi asilimia 94. Mstari wa sentimita 7 ambao mtoto wa darasa la tano aliambiwa aupime kwa rula unakuwa sentimita 6.6. Jibu lake ni sahihi, na mwongozo wa kusahihishia unamnyima alama.

Wapo watahiniwa ambao kukuza kwao ni haki, si urembo. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa mitihani ya maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Shuleni, kwenye majaribio ya kila wiki, kazi hiyo mara nyingi hufanywa na mashine ya kopi: A4 inakuzwa kuwa A3 kwa asilimia 141. Maandishi ya pointi 12 yanafika 17, na hilo ni jema, lakini karatasi inakuwa pana kuliko dawati, na kila "sentimita moja kwa kilomita 5" iliyoandikwa inakuwa uongo. Waraka uliopangwa kwa kutenganisha umbo na maandishi hauna shida hiyo. Unabadilisha ukubwa wa maandishi kuwa pointi 18 mahali pamoja, unanenepesha mistari, unakuza michoro ile tu inayohitaji, na unachapa kwenye A4 ileile kwa kuongeza kurasa chache. Mtoto mwenye ualbino anayesoma Tukuyu anastahili toleo lililoandaliwa hivyo.

LaTeX, TikZ, GeoGebra na Inkscape hazilipiwi na mwalimu, na zinafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, bila intaneti zikishasimikwa. Ombi langu kwa wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Tukuyu, cha Mpuguso, na vingine vya nyanda hizi ni kuwapa walimu wanafunzi zoezi moja la kupanga mtihani wenye michoro mitano, kuuchapa, kuutoa kopi kwa asilimia 71 na kwa asilimia 141, kisha kuusoma na kuupima tena. Na kwa yeyote anayeandaa karatasi ya mtihani leo, chora chini ya ukurasa wa mwisho mstari wa sentimita 10 na uandike urefu wake. Kabla ya kudurufu, weka rula juu ya mstari huo kwenye nakala ya kwanza. Ukikuta hautimizi sentimita 10, simamisha mashine.